Gari la Kupita Bondeni

Pale dukani walimwita Lenzi, na kama jina hilo lilimkera hakuwahi kulalamika, maana hakuwa mtu wa kulalamika, wala wa kusema sana jambo lolote. Duka lilikuwa la miwani. Mbele kulikuwa na vioo, taa nyeupe na dada wa mauzo, ambaye aliweza kumsifia mteja fremu hata kama imemfanya afanane na bundi. Nyuma kulikuwa na Lenzi, mashine ya kuchongea kingo za lenzi, ndoo ya maji yaliyojaa unga wa lenzi zilizochongwa, na kidirisha ukutani. Trei iliingia kidirishani ikiwa na fremu na cheti cha daktari wa macho, ikatoka na miwani tayari. Kwa namna hiyo Lenzi aliwajua watu wa mji mzima kwa macho yao tu: huyu haoni mbali, yule jicho la kushoto limechoka, huyu mwaka jana alikuwa na nafuu. Sura zao hakuzijua. Kama angekutana nao njiani, wangepishana kimya kimya.

Nyumbani kwake hali haikuwa tofauti. Mwenye nyumba alimsifu kwa majirani kuwa ni mpangaji mtulivu, na hiyo ni sifa gani kwa kijana wa umri wake? Wenzake aliosoma nao walikuwa wanaoa, wanagombana, wanapatana, wanazaa. Yeye alikuwa na sufuria mbili na godoro lililobonyea upande mmoja. Jumapili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko siku zote. Jumatatu asubuhi alimsalimu dada wa mauzo na sauti ikatoka imekwaruza, kwa sababu haikutumika tangu Jumamosi jioni.

Sasa mtu kama huyu akisema anataka gari, watu watafurahi. Watasema afadhali, atatoka, atapakia marafiki. Lakini Lenzi hakusema anataka gari tu. Alisema anataka gari la porini, yale marefu yenye matairi ya kutisha na tairi la akiba mgongoni, na alitaka kulitumia kila siku, kwenda kazini na kurudi, katika mji ambao barabara zake zote zilikuwa laini kuliko meza ya chakula.

"Wewe kaka," dada wa mauzo alimwambia kupitia kidirishani, kichwa chake kikionekana kama kwenye picha ya kitambulisho, "unakaa hapo nyuma ya soko, unafanya kazi hapa. Hilo gari la porini unataka kumkanyaga nani?"

"Nalitaka tu."

"Nalitaka tu! Chukua kigari kidogo. Hakili mafuta, unakiegesha hata uchochoroni. Kaka yangu anacho. Ukitaka nitamwambia akupeleke ukione."

"Kwetu njia mbaya."

"Kwenu unakwenda lini?"

Lenzi alichukua trei, akawasha mashine. Mashine ile ilikuwa na kelele nzuri sana kwa mtu asiyetaka kujibu.

Kwao hakuwa amekwenda tangu baba yake azikwe. Na tuseme ukweli wote: hata kuzikwa kwenyewe hakukuona. Siku ile alikodi gari mapema, gari la chini, na mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Kabla ya kufika kwao kuna bonde lenye udongo mweusi, ule ambao ukilowa unashika gurudumu na hauachii. Dereva alikanyaga mafuta, gari likazidi kukaa chini. Wakasukuma. Wakakata matawi wakayatandika, wakasukuma tena. Dereva alikuwa akisema sasa litatoka, sasa hivi linatoka, na Lenzi akamwamini kila mara. Huko nyumbani watu walisubiri, wakatazamana, wakasubiri tena, mwisho wazee wakasema mvua inarudi na marehemu hawezi kuwekwa zaidi. Gari lilipotoka, Lenzi alifika jioni, matope mpaka kiunoni, akakuta watu wanaosha majembe.

Hakuna aliyemlaumu. "Ni njia, mwanangu," walimwambia mmoja baada ya mwingine. "Si wewe. Ni njia hii." Akalishika neno hilo kwa mikono miwili, akaondoka nalo. Tangu hapo miaka mitatu ilipita, na kila akifikiria kwenda kumwona mama yake, aliahirisha. Akawa anasema kwenye simu, "Nikipata gari la kuiweza njia ile, mama, nitakuja." Mama naye akawa anajibu, "Njia kweli mbaya, baba. Usihangaike." Alimwita baba, kama kina mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume, na baada ya mazishi neno hilo liliongezeka uzito.

Kuna siku hata mtu wa kwao alikuja dukani kuchukua miwani. Lenzi aliisikia sauti yake kupitia kidirishani, akaijua palepale, lafudhi na kikohozi. Dada wa mauzo akaita, "Lenzi, hebu njoo umrekebishie mzee mikono ya fremu!" Lenzi akajifanya mashine imemziba masikio. Alisimama ameushika ukingo wa meza mpaka mlango wa duka ulipofungwa. Hakuwa na ndugu wa kuzaliwa naye, na kwa jinsi hiyo hapakuwa na mtu mwingine yeyote wa kumpa habari za kwao isipokuwa mama peke yake.

Ndiyo maana gari lile lilikuwa na kazi moja tu akilini mwake. Lingepita bondeni wakati wa mvua, lingepanda ng'ambo ya pili, lingemfikisha mlangoni kwa mama yake bila ya kusukumwa na mtu. Siku hiyo angeweza kumtazama usoni. Bila gari hilo, hapana.

Dalali wa magari alikuwa mtu wa maneno mengi na meno machache. Alimwonyesha kwanza kigari kidogo chekundu, kisafi, kilichokuwa kinang'aa. "Hiki, kijana, ni cha daktari. Alikuwa anakiendesha kwenda kazini na kurudi, basi. Hata dansi hakikwenda."

Jioni Lenzi alimpigia mama yake simu. Kwa kawaida simu zao zilikuwa fupi: hujambo, sijambo, umekula, nimekula, haya baba, haya mama. Safari hii alisema, "Mama, nimeanza kutafuta gari."

Mama akauliza, "Tumbo lake liko juu?"

"Tumbo la nini?"

"La hilo gari. Tumbo lake. Kuku akipita chini anainama?"

Lenzi alicheka. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka akiwa na simu sikioni. "Kuku anapita, mama."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hapana."

"Basi hilo halifai. Juzi tu hapa lori la mchanga limelala bondeni mchana kutwa. Mwalimu wa shule kaacha kiatu kwenye matope, karudi kwake na kimoja. Hilo la kuku litapita wapi?"

Kesho yake dalali alimkuta Lenzi amechuchumaa kando ya gari la pili, mkono ameunyoosha chini ya bampa, akijaribu kukumbuka urefu wa mbuzi. Gari lile lilikuwa refu, jeupe, lenye vioo vyeusi. Fundi aliyeletwa kulikagua akatingisha kichwa: lilikuwa la maringo tu, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, ya nyuma yanafuata mkumbo. Mama alipoambiwa alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye. "Linajifanya kubwa! Waambie hatulitaki!"

Hatulitaki. Lenzi alilala na neno hilo.

Mazungumzo yakaendelea hivyo kwa wiki nyingi. Kila jioni alipiga, na mama alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Walijadili matairi, na kama springi ngumu ni bora kuliko laini. Walijadili rangi, mama akishikilia kuwa nyeupe itaonyesha matope na nyeusi itachemka juani. Mama aliuliza maswali ambayo hata fundi hakuyafikiria: maji yakifika mlangoni yataingia ndani? Likilala ubavu, mlango wa upande wa pili unafunguka kwa juu? Na kila jioni alikuwa na habari mpya ya bondeni, nani kanasa, nani kavutwa na ng'ombe, pikipiki ya nani imeachwa pale mpaka asubuhi. Alizisimulia vizuri sana. Lenzi alikula chakula chake cha usiku akisikiliza, na chumba hakikuwa kimya.

Mwisho wakalipata. Lilikuwa la umri wa Lenzi mwenyewe au zaidi, la kijani kilichofifia, lina pembe kama kabati. Viti vyake vilitosha watu wanane. Kando ya mkono mkubwa wa gia palikuwa na mkono mwingine mdogo, na fundi alipouvuta magurudumu yote manne yakaanza kuvuta kwa pamoja, polepole, kwa nguvu, yakapanda rundo la kifusi mpaka Lenzi akawa anatazama mawingu. "Hili," alisema dalali, "ukitaka unapanda nalo ghorofani." Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Mbuzi anapita?" aliuliza mama.

"Anapita, na mtoto wake."

"Haya," alisema mama, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Basi umelipata, baba. Hongera."

Lenzi alisubiri aulize jambo jingine. Hakuuliza.

Kuishi na gari lile mjini kulikuwa na vituko vyake. Uani kwa mwenye nyumba halikuingia, likawa linalala nje chini ya taa ya barabarani. Mbele ya duka lilichukua nafasi ya magari mawili, na watu wa vigari vidogo walimpigia honi kama wanaofukuza fahali shambani. Mafuta, usiseme. Dada wa mauzo alipanda siku moja, akafurahi kuona mapaa ya magari mengine yote, akashuka kwake akasema asante kaka. Hakupanda tena, maana mchumba wake aliuliza maswali. Hakukuwa na mwingine wa kumpandisha. Lenzi aliendesha viti saba vitupu kwenda kazini, akavirudisha vitupu jioni. Akiwa juu kule nyuma ya usukani aliwaona watu wote vizuri kuliko zamani: waliobeba mikate, walioshikana mikono, waliogombana kwenye vituo. Hakuna aliyeinua macho kumtazama. Katika kile kigari kidogo pengine angekuwa mpweke kidogo, kwa kipimo cha kigari. Humu upweke ulikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu.

Na kwa mama hakwenda. Alisema ngoja nilizoee kwanza. Mama akasema, "Lizoee kwanza, baba." Alisema ngoja nibadilishe vichujio vya mafuta. Mama akasema vibadilishe. Simu zikarudi kuwa fupi, kwa sababu gari lilishapatikana na hapakuwa na la kuuliza. Hujambo, sijambo. Habari za bondeni nazo zikakoma, na Lenzi akadhani ni kiangazi.

Mvua ilipoanza hakusema na mtu. Alingoja iloweshe ardhi vizuri, mvua ya kweli, kama ile ya siku ya mazishi. Jumamosi moja asubuhi akapakia koleo, kamba nene na mbao mbili za kuweka chini ya matairi, akatoka mjini mawingu yakiwa yamejaa. Alikuwa na hofu, na pia alikuwa na hamu ya ugomvi. Njia nzima alilifikiria bonde lile kama mtu anayekwenda kumkuta aliyempiga zamani, akiwa sasa amekua na mikono imeshiba.

Alipofika kwenye njia panda ya kwao, palipokuwa panaanza udongo, hakukuwa na udongo. Kulikuwa na lami nyeusi inayong'aa kwa mvua, na mstari mweupe katikati. Lenzi akaipita. Akaendesha mbele kidogo, akasimama, akageuza, akarudi. Pembeni palikuwa na kituo kipya cha mafuta. Aliteremsha kioo, akamuuliza mhudumu njia ya bondeni ni ipi.

"Si hiyo uliyotoka kuiacha, kaka?"

"Hiyo ya lami?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mgeni?"

Lenzi aliizima injini. "Imewekwa lini?"

"Lami? Mvua hizi ni za pili. Au za tatu?" Mhudumu alifikiri. "Nilipoanza kazi hapa niliikuta."

"Na lile lori la mchanga lililolala bondeni?"

"Lori gani?" Mhudumu alilitazama gari, matairi yake, koleo lililofungwa kwa nyuma, akakunja uso kwa kutaka kusaidia. "Bondeni kuna daraja, kaka. Hakuna kinacholala pale."

Akaenda. Gari halikutikisika hata kidogo. Bondeni palikuwa na daraja fupi la zege lenye kingo zilizopakwa rangi, na maji yalipita chini yake kwa adabu. Lenzi aliegesha kando, akashuka, akasimama kwenye mvua. Alitafuta mahali penyewe, pale waliposukuma, lakini palikuwa pamefukiwa, juu yake pana lami. Kigari kidogo chekundu kikaja kwa kasi nyuma yake, kikapiga honi, kikavuka daraja na kupotea ng'ambo, na ndani yake alimwona mwanamke aliyekuwa anakula ndizi.

Alitaka matope. Ni jambo la kipuuzi mtu mzima kulilia matope, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa: alisimama pale akilia kwa kukosa matope. Kisha akainua kichwa, na ng'ambo ya bonde, juu kidogo, akaona bati la nyumba ya kwao. Lilikuwa palepale. Hata siku ile ya mazishi lilikuwa palepale, na miguu alikuwa nayo. Angeliacha gari la watu kwenye tope, akavua viatu, akapanda. Angewahi. Ilikuwa si njia, na kwa mara ya kwanza alijiambia hivyo kwa sauti, peke yake darajani, na ilimuuma kama alivyokuwa akiogopa siku zote kwamba itamuuma.

Hakugeuza gari. Aliporudi nyuma ya usukani alitamani kugeuza, akaweka hata mkono kwenye gia, akaona kuwa akigeuza leo hatakuja tena maisha yake yote.

Mama alikuwa barazani, anachagua mawe kwenye ungo wa mchele. Aliposikia mngurumo aliinua uso, akalitazama gari, akamtazama mwanawe akishuka, kisha akaitazama barabara iliyokuwa nyuma yake, nzuri, nyeusi, imenyooka. Aliweka ungo chini polepole. Alikuwa amepungua mwili, na nywele zilizochomoza kwenye kitambaa zilikuwa nyeupe zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja."

"Nimekuja."

"Na mvua hii." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu kufunga mlango ambao tayari uko wazi, aliuliza, "Umepita wapi?"

"Bondeni, mama."

Lenzi aliketi kwenye ngazi ya baraza, nguo zikimchuruzika. Alikuwa amekuja na hasira, lakini hakuiona tena ilipo.

"Lori la mchanga," alisema.

"Halikuwepo."

"Na kiatu cha mwalimu?"

"Mwalimu mwenyewe alishahama." Mama alichota mchele kwa vidole, akaurudisha. "Ulikuwa unanipigia kila jioni. Tangu nikuzae hatujazungumza vile. Ningekuambia kuna lami, si ungechukua gari lolote, maneno yakaisha? Nikaona niweke lori. Kesho yake ukapiga tena, nikaona nimweke na mwalimu."

"Lakini lami ilikuwepo kabla sijaanza kutafuta gari, mama. Ungeniambia ningekuja zamani."

Mama alimtazama moja kwa moja. "Ungekuja?"

Lenzi aliyatazama matairi ya gari, hayakuwa na hata tone la tope.

"Ningekuambia njia nzuri, halafu usije, mimi ningebaki na nini?" alisema mama. Hakusema kwa ukali. "Mwanzoni watu waliniuliza, mwanao mbona haonekani? Nawaambia njia, si mnaiona njia yenyewe. Wananiitikia, wanasema kweli, njia hii. Basi walipoweka lami, wakaacha kuniuliza."

Aliusogeza ungo mbali na matone yaliyokuwa yanaruka kutoka kwenye bati. Lenzi aliinamisha uso kwenye magoti yake, akasema kwamba siku ile ya baba angeweza kutembea. Alisema kwamba alikuwa bondeni pale, anaona bati, na hakutembea. Alisema alikuwa anaona aibu kumwona mama, hiyo tu, hakuna njia wala nini.

"Najua," alisema mama. "Nami nilikuwa naona matawi yakitikisika mlipokuwa mnayakata. Nilisimama hapa. Nikasema atakuja kwa miguu sasa hivi." Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Ulikuwa mtoto tu."

Hakuwa mtoto, na wote wawili walilijua hilo, lakini lilikuwa neno la mama na Lenzi alilipokea.

Mvua ilipopungua mama aliingia ndani, akakaa muda, akatoka amevaa nguo ya kutokea na viatu vyenye kisigino kidogo. Alisimama mbele ya gari akalizunguka lote. Aligonga bodi kwa kiganja. Aliinama nusu kuangalia chini yake, akasema mbuzi kweli anapita.

"Nipeleke mpaka pale madukani," alisema. "Uendeshe polepole. Nataka wanione."

"Ununue nini?"

"Sinunui kitu. Nataka wanione nimekaa na wewe."

Lenzi alimfungulia mlango wa abiria. Mama aliweka mguu wa kulia kwenye kikanyagio, akashika mlango, akajivuta, akarudi chini. Akabadili mguu. Hakuweza. Alijaribu tena huku akijichekea, kisha akaacha kucheka, akasimama anapumua.

"Magoti," alisema.

"Tangu lini?"

"Ah. Tangu siku nyingi."

"Na hilo nalo hukuniambia."

"Uliniuliza habari za matope, baba. Za magoti hukuniuliza."

Walikuwa wamejadili kuku, mbuzi, springi na maji ya mlangoni. Jioni zote zile, mtu aliyenunuliwa gari hakuwahi kuulizwa kama ataweza kulipanda. Lenzi alipangusa mikono yake kwenye suruali, akainama, akamshika mama yake kiunoni ili amnyanyue. Mama alimwekea mikono shingoni.

"Haya, mama. Jikaze kidogo nikuinue."

Lakini mama hakujikaza. Miguu yake ilibaki chini, na mikono yake ndiyo iliyokaza, ikamvuta shingo mpaka uso wa Lenzi ukawa begani kwa mama.

"Usinipandishe kwanza," alisema. "Subiri kidogo."

Mvua ilianza tena, mlango wa gari ukiwa wazi na kiti kinalowa. Lenzi alibaki ameinama vilevile, akisubiri.